Kiti cha Nyuma

Tangu Machynlleth sijaiona barabara.
Naona mgongo wa Tegid, jezi ya kijani,
mfukoni ndizi moja iliyopondeka
na kadi yetu ya mihuri ndani ya plastiki.

"Gia!" Nalegeza miguu.
"Shimo!" Nainua makalio.
Ndiyo mazungumzo yetu tangu alfajiri,
na ni mengi kuliko ya miaka minne yote
tangu shamba la baba liuzwe.

Mlimani, baiskeli ya watu wawili
hugeuka gunia la saruji.
Vijana wanatupita wakitusalimu kwa Kiwelisi,
kondoo wanatutazama huku wakitafuna.
Nikitega hata kidogo, mnyororo unanisema.
Nami namjua anapodanganya:
ule mguu wa kushoto, wa ajali ya trekta,
kila ukishuka unaniachia mzigo.
Naubeba. Sisemi.

Tregaron, ukumbi wa kanisa:
chai, maharage juu ya mkate,
muhuri wa kilomita mia mbili na kumi.
Mama mmoja akauliza, "Mume na mke?"
Tegid akacheka na makombo mdomoni:
"Mke angeshashuka zamani."

Kisha mteremko.
Uzito uliotutesa ukatulipa;
tukawapita wale vijana wote
kama jiwe lililochoka kukaa.
Breki ziko kwake. Sina changu
ila kushika usukani usiogeuka
na kufuta machozi begani. Ya upepo.

Chini, darajani, akasema bila kutazama nyuma:
"Eluned, ilinipasa nikuulize kabla ya kuuza."

Kilima kingine kilikuwa kimeanza.
Nikakanyaga.