Kifungu cha Tumbaku, Newala

Nilikiandika mwenyewe kile kifungu:
elimu ya tumbaku, shule za sekondari, laki tisa.
Mafuta ya gari yakala tatu,
posho ikala, maji ya chupa yakala,
iliyobaki ikawa turubai moja
lenye pafu jeusi na maneno mekundu.

Wanafunzi walipiga makofi. Mia mbili na kumi.
Sahihi zao ninazo kwenye faili.

Msimu wa korosho ukaingia.
Turubai likahamia kwa Bi Somoe, njia ya Kitangari,
likawa kivuli cha meza yake:
karanga, vocha, sigara moja moja,
na kiberiti cha gesi kilichofungwa kamba
kisije kikaondoka na mteja.

Jana nimemkuta Hamduni wangu pale, chini ya pafu,
kidato cha pili, mfukoni hela ya kuokota korosho,
anatafuna majani ya mpera.
Nikamwuliza, ya nini?
“Jino, baba.”

Nikamnunulia karanga.
Bi Somoe akanirudishia chenji, macho kwenye kamba.

Leo bajeti mpya iko mezani.
Nimeandika laki tisa, nikafuta,
nikaandika tena.
Sijui jino ni shilingi ngapi.