Ziada ya Chumba cha Mtu Mmoja

Holo ameshaketi barazani kabla sijafungua sanduku.
"Mwadila," anasema. "Haya, Ulaya ikoje?"
Nyuma yake Igogo imejibanza jiwe kwa jiwe,
nguo zimeanikwa juu ya mwamba,
na honi ya kivuko cha Kamanga inawaita wachelewaji.

Nianzie wapi?
Uskoti ni baridi. Hilo kila mtu analijua.
Tulikuwa kumi na wanne katika basi la viti ishirini na vinane:
mke na mume wa Kanada, wafuga kondoo,
madada wawili waliosusiana tangu uwanja wa ndege,
Mjapani aliyechora kila kitu isipokuwa sisi,
na dereva Fergus, mwenye tai,
ambaye sheria ilimwamuru apumzike
hata pale sote tulipotaka kufika.

Kule, Holo, mwamba una uzio.
Una kibao, una saa za kufunguliwa,
unalipia kuutazama.
Nikalikumbuka jiwe letu la nyuma ya jiko
unapoanika dagaa bila kukata tiketi.

Na ziwa wanalo, jembamba kama mkanda wa suruali.
Mwongoza wageni akashusha sauti:
humu mna mnyama, ila hajaonekana sawasawa.
Nikamwambia wa kwetu huonekana sawasawa,
anaitwa mamba,
mwaka juzi alichukua mbuzi wa Bahebe mchana kweupe.
Wakacheka.
Mimi sikuwa natania.

Holo naye anacheka. Anataka picha za ngome.
Nampa simu, ajitazamie.

Lipo nisilomwambia.
Kwenye karatasi ya malipo aliyonitumia Masalu,
chini kabisa, kwa herufi za sisimizi,
palikuwa na mstari: ziada ya chumba cha mtu mmoja.
Mwanangu alilipa bila kusoma. Mimi nilisoma.
Pauni mia mbili na arobaini.
Nikazipigia hesabu ya shilingi, nikafika laki saba, nikaacha.
Kumbe kulala peke yako ni anasa?
Nani aliwaambia nilichagua?

Lutubija ndiye aliyeitaka safari.
Miaka thelathini kwenye kiwanda cha pamba
akipiga chapa marobota ya kwenda ng'ambo.
"Siku moja nitakwenda," alikuwa akisema, "nione yanakoshukia."
Yameshuka, baba Masalu.
Nimeyakuta mashuka.
Nimeyalalia usiku saba,
na kitanda, pamoja na ile ziada, kilikuwa cha watu wawili,
nusu yake ikiamka kila siku
imenyooka vilevile ilivyotandikwa.

Lile basi lilikuwa na kanuni:
kila asubuhi mnasogea viti viwili nyuma,
wa mbele asizoee, wa nyuma asinung'unike.
Siku ya tano kanuni ikanileta
ubavuni mwa Bwana Emrys, mzee kutoka Wales,
ujia tu katikati yetu.
Yeye alikaa kiti cha pembeni.
Dirishani aliketisha koti lake.
"Mke wangu alipenda dirisha," akasema,
ingawa sikuwa nimeuliza.
Nikamjazia kiganja karanga za Magu.
"Nawe walikutoza ile ziada?"
"Walinitoza."
Tukatafuna mpaka darajani.
Hatukusema tena, si siku ile, si siku ya kuagana;
alinigusia kofia tu.

Holo amemaliza picha.
"Huyu mzee ni nani?"
"Abiria," namjibu. Naye, kwa mara ya kwanza, hadadisi.

Ameondoka. Umeme nao umeondoka.
Mbwa wa Mabatini wanajibizana na mbwa wetu,
upepo wa ziwa unapiga bati lililolegea,
lile Lutubija alilosema ataligongelea Jumamosi.
Napanda kitandani gizani.
Miaka mitatu nimelala ukingoni, upande wa mlango,
kama mtu aliyepewa kiti kwa namba.
Leo nasogea.
Pale kwake godoro limebonyea,
bega lake, nyonga yake.
Naingia mle.
Panatosha.