Kiwanja cha Chanika

Mshiriki 0417 amechelewa leo.
Upanga maji yamefika vifundoni;
ameingia viatu mkononi,
hajakaa sawasawa, ananiambia, "Profesa, goti."

Goti!
Miaka ishirini namuuliza homa za usiku,
utando mweupe mdomoni,
kilo ngapi zimepungua tangu Idi,
leo ananiletea goti,
kama mwanamke yeyote wa miaka sitini na moja
anayekaa ghorofa ya tatu bila lifti.

Dodoso la kwanza nililitunga mwenyewe,
nikiwa msichana wa shahada ya pili,
kwenye kompyuta iliyozimika kila umeme ulipopepesa.
Maswali tisini na sita.
Sikuweka safu ya uzee.
Nani angeijaza?
Nesi Eliwaza alikuwa na kalamu nyekundu ya waliotutoka;
kabla ya Pasaka tukamnunulia ya pili.

Kisha dawa za kufubaza,
na ile kalamu ikakauka kwa kukosa kazi.
Nikahamia kuhesabu vingine: figo, mafuta ya damu,
mifupa inayolika kimyakimya
kama fremu ya mlango yenye mchwa.
Makala arobaini na moja.
Joho la uprofesa, lililonibana makwapa.
Mume aliyezoea kula peke yake.

Presha: mia moja arobaini na nane.
"Kuna jingine?"
Swali la mwisho, naliuliza macho yakiwa kwenye fomu.

"Nilikuwa na kiwanja Chanika.
Nilikiuza mwaka ule uliponipa namba.
Pesa nikazigawa: ada ya watoto, deni la dukani,
na sanda, nikaiweka sandukuni.
Sasa pale pana ghorofa ya mtu.
Ulisema nitaishi, mwanangu,
ila ulichelewa kidogo kusema."

Hana kinyongo. Anacheka, hata.
"Na sanda?"
"Nilimzikia jirani. Alikuwa mzima kuliko mimi."

Ukurasa wa tisa, Athari za Muda Mrefu:
moyo, ini, figo, mifupa, neva.
Mashine haipokei maneno, inataka tarakimu.
Nageuza karatasi,
na nyuma, penye weupe, naandika kwa mkono:
Chanika. Hatua ishirini kwa thelathini.

Anainama, goti linalia,
anaweka kidole juu ya mwandiko wangu.
"Thelathini na tano," ananisahihisha.
"Na mlimau mmoja."