Herufi ya Kwanza

Bi Zamzam aliileta kutoka Bombo
imefungwa kitambaa cha meza alichotarizi mwenyewe,
akailaza kwenye benchi langu hapa Jinja
kama anayelaza mtoto mwenye homa.
"Inanguruma, halafu inanyamaza.
Fundi wa Kampala kaniambia niuze mbao."

Nikafungua mgongo. Vumbi. Kiota cha nyigu.
Stakabadhi ya leseni ya redio
ya mwaka ambao sikuwa nimezaliwa.
Valvu zimesimama kila moja kwenye kikombe chake,
na ile ya pembeni, ya sauti,
fedha ya kichwani imegeuka maziwa.
Hapo sihitaji mita. Hewa imeingia.
Sijui kiumbe kingine
kinachokufa siku kinapovuta pumzi.

ECL82, ubavuni, kwa wino
unaofutika ukiupangusa,
basi niliusoma mikono ikiwa nyuma.

Nikazunguka.
Katwe walinicheka, wakanionyesha simu.
Masese, mwenye mizani ya chuma chakavu
anauza valvu kwa kilo, pamoja na vijiko.
Kanisani Bugembe walikuwa nazo mbili
ndani ya kipaza sauti cha zamani,
hadi Pasaka iliyopita,
waliponunua kipya, kile wakampa mtu,
na mtu huyo hakuna anayemkumbuka.

Kwa Isabirye, ndani ya televisheni
ambamo kuku wake hutagia,
nikaiona. Nikapuliza manyoya.
Kimo kile kile. Miguu tisa ile ile.
Themanini na mbili ile ile.
PCL. Herufi ya kwanza tu.
Nikajiambia, herufi ni nini?
Mimi Tenywa na pacha wangu Waiswa
tulifanyiana mitihani miaka mitatu
na mwalimu hakugundua.
Nikatoa elfu ishirini, nikamwachia kuku chumba.

Iliingia kikomboni kama iliyozaliwa humo.
Nikawasha.
Uzi wake ukashika wekundu wa kaa la jana,
ukabaki hapo.
Ilitaka volti kumi na sita.
Redio ina sita na ushei, haina zaidi ya kumpa.
Usiku kucha hawakusemezana.
Kuingia si kufaa;
ningemuuliza mke wa Waiswa angeniambia.

Asubuhi nikashusha daftari la marehemu Mugoya,
mwalimu wangu, aliyelirithi kwa Bwana Mascarenhas
mwaka ule walipoambiwa wafunge mizigo.
Mugoya alikuwa akimfagilia duka.
Alipewa ufagio, funguo, na daftari hili:
safu mbili za penseli, kurasa arobaini,
huku jina la Ulaya, huku la Marekani,
katikati alama ya sawasawa
imechorwa kwa rula, kila moja,
na mtu aliyekuwa na siku chache za kuondoka.

ECL82 = 6BM8.

Nikasoma mara mbili.
Kisha nikageuka, polepole, kutazama risiti zangu,
na kile kioo kinachozigandamiza zisipeperuke
tangu nilipofungua duka,
miaka kumi na mmoja,
6BM8, safi, fedha yake inang'aa,
nimeizoea hata siioni.

Bi Zamzam alirudi Alhamisi.
Nusu dakika ya kimya, harufu ya vumbi linaloungua,
kisha chururu, kisha mwanamume
anasoma matangazo ya vifo.
Akasikiliza majina yote,
kwa kila moja akasema pole.
Mwishoni: "Hakuna wetu." Akavuta pochi.
"Umeweka ile ile?"
Nikasema ile ile, jina tofauti.
"Mimi hapa Zamzam, karani kaniandika Zamuzamu,
na bado deni la mtungi wa gesi lilinifikia."
Akacheka peke yake, akakunja kitambaa.

Ya kuku ninayo bado.
Sikuitupa, haina kosa,
ipo nyumba inayoweza kuilisha.
Kwa sasa imekaa juu ya risiti,
na upepo wa ziwani ukivuma
inafanya kazi yake vizuri.