Neno Nililolimeza

Mfalme wa kaskazini aliandika: "Wewe mbwa."
Nta bado ilinuka asali.
Mimi, Marojica, mkalimani wa Ragusa,
mwenye mabinti watatu na paa linalovuja,
nikachovya kalamu, nikaandika: "Ndugu yangu."

Sultani alifurahi. Akajibu kwa kipanga mweupe,
na zulia, na swali: mama yetu hajambo?
Nikalitafsiri nalo, mkono ukitetemeka.

Vita vikaahirishwa, kunguru wakalala njaa.
Mabalozi wakavimba vichwa,
wakagombania nani aketi kulia.

Leo wafalme wote wawili ni udongo.
Barua zimelala sandukuni, zimekumbatiana.
Ila yule mbwa yuko hapa, nyuma ya meno yangu.
Usiku hubweka.

Namwambia: tulia, ndugu yangu.