Herufi Zilizomwagika

Saa tisa na robo, chumba cha kuzindukia.
Kutaisi, Februari: mvua imechanganyika na theluji,
dirisha halijui lishike lipi.
Wamemtoa baba kijiwe cha nyongo,
punje ya dengu, si zaidi.
Nesi Manana amenikabidhi ndani ya kichupa
kama chenji.

Nusukaputi ilimchukua mzima,
sasa inamrudisha nusu.
Kwanza bega likaruka.
Kisha kiwiko. Kisha vidole kumi
vikaanza kusema vyote kwa pamoja.

Mimi ni mtoto wa viziwi wawili.
Kabla sijaweza kutamka maji niliyaomba kwa kiganja.
Mikono ikiinuka mbele yangu nasoma, sina hiari,
kama wewe usivyoweza kulitazama neno
ukaona wino mtupu.
Basi nikasoma:
mkate, hapana, jana, mkate,
ngazi, nani,
alama isiyo ya mtu yeyote,
kisha nusu ya jina langu,
likakatikia kwenye kifundo.

Baba alipanga herufi za risasi miaka thelathini na mmoja
katika kiwanda cha uchapaji ng'ambo ya mto Rioni.
Mashine zilinguruma wee, yeye hazikumsumbua;
ndiyo maana walimwajiri.
Siku moja trei ilimponyoka.
Ukurasa wa tatu mzima chini:
bei za mahindi, tanzia ya mwalimu fulani,
vyote vyuma vidogo miguuni pake.
Alipiga magoti akaziokota mojamoja hadi alfajiri,
hakutaka msaada wa mtu.

"Misuli inacheza tu," alisema daktari Vakhtang.
"Hutokea dawa inapotoka mwilini. Si kifafa.
Itapita."
Inacheza!
Jicho likicheza, watu hutabiri mgeni au kilio.
Ikicheza mikono ya kiziwi
nani wa kumwagulia?

Nesi akaja na mikanda ya kitambaa,
laini, safi, wala hakuwa na ubaya:
"Ataing'oa dripu. Tumfunge mikono kidogo."
Sijui nilitoa sauti gani. Najua alirudi nyuma.
Nikamwambia, hicho ni kinywa.
Mtu hafungwi kinywa
kwa kuwa anaweweseka.

Nikailinda dripu mwenyewe, dakika arobaini,
mkono wake wa kushoto kifuani pangu
ukinigonga kwa ngumi ndogondogo
kama mtu anayebisha hodi
kwenye nyumba yake mwenyewe.

Nyuma ya kioo alikuwa mama, kofia imelowa,
naye anasoma. Nikamwuliza kwa mkono uliobaki:
Anasema nini?
Upuuzi, akajibu.
Mwaka wa arobaini na nne huu ananiambia upuuzi.
Lakini hakupepesa jicho.
Kila kidole kilichoruka alikiitikia kwa kichwa,
ndiyo, ndiyo, mkate, nimesikia,
hata zile alama zisizo za mtu
hakuiacha moja ianguke.

Wakamwongezea blanketi, wakapitisha dawa kwenye mrija.
Mtukutiko ukapungua, viwiko kwanza,
dole gumba mwisho: likaruka mara mbili,
likatulia.
Kukawa kimya. Si kimya chenu.
Mashine zilikuwa zikilia, mtu akikohoa kitanda cha pili.
Kimya cha kwetu, kile cha mikono.
Nilikiogopa kuliko fujo yote iliyotangulia.

Ndipo macho yakafunguka.
Mkono wa kulia ukapapasa shuka, ukasita,
ukaanza kuokota, kimojakimoja,
nami nikaurudisha wangu nyuma
maana namjua, hataki msaada:

Meno yangu
wameyaweka wapi?