Koili Tatu

Fundi Barasa alimwaga kwenye kaunta
koili tatu zilizokufa,
chumvi imezigandia
kama ukoko wa sufuria.
"Maji yetu ya Nakuru, mama. Hayana huruma."

Mwenye duka alikuwa bado anasifu bei.
Mama yangu akaziinamia koili:
Wewe uliishi miaka mingapi?
Na wewe, ulimeza tokeni ngapi za stima?

Tukachukua tangi la juani, zito, ghali,
la kukabili alfajiri za Kiamunyi.
Ndani yake, fundi akaonyesha, kuna ufito
unaoliwa na maji kwanza
ili tangi lipone.

Mama akaupima mkononi.
"Huu naujua,"
akasema,
akafungua kibeti.